Veeam, Acronis, ReaR au ile ya Windows yenyewe: ipi itaiamsha seva yako kwenye mashine ngeni?

Ukisoma vipeperushi vya wauzaji, programu zote za bakapu ni zile zile. Zote huchukua picha kamili ya seva, zote zina wingu, zote zina kinga dhidi ya virusi vya kudai fidia, na zote hurejesha "ndani ya dakika chache". Tofauti huonekana siku seva inapokataa kuwaka, na mashine iliyopatikana kushika nafasi yake ni ya kampuni nyingine, ya mwaka mwingine, yenye diski za aina nyingine. Hicho ndicho kipimo nilichotumia hapa, na ndicho kilichonifanya niiweke juu, kwa upande wa Linux, programu ambayo haina hata kitufe cha kubofya, yaani ReaR.

Kurejesha kwenye mashine tupu ni hivi: unachukua mashine isiyo na mfumo endeshi wala patisheni, unaiwasha kwa flashi au ISO (faili la picha ya diski ya kuwashia), unaionyesha bakapu ilipo, na baada ya saa kadhaa inainuka ikiwa na jina lile lile, anwani ile ile ya IP, watumiaji wale wale na programu zake zikiwa zimeshasetiwa. Mwenye bakapu ya mafaili peke yake huanza mbali zaidi. Atasaka kwanza diski ya kusimika Windows, kisha masasisho, kisha draiva, kisha ataanza kuulizana na wenzake ni nani aliyeseti ile huduma ya kuchapisha mwaka 2019 na aliiseti vipi.

Kazi hiyo ikizidishwa mara elfu inakuwaje? Maersk, kampuni kubwa ya meli, waliionja. Kirusi cha NotPetya kilipowakumba tarehe 27 Juni 2017, walilazimika kusimika upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 ndani ya siku kumi. Mwenyekiti wao, Jim Hagemann Snabe, aliyasema hayo hadharani kwenye mkutano wa uchumi wa Davos mnamo Januari 2018. Bakapu za seva nyingi zilikuwepo. Kilichokosekana ni bakapu ya seva za Active Directory zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji wote. Kwa kuwa seva hizo hunakiliana zenyewe kwa zenyewe, ilidhaniwa kwamba hazitakufa zote kwa pamoja. Iliyonusurika ni moja tu, iliyokuwa Ghana, na ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika wakati wa shambulio. Shirika la umeme linalaumiwa kwa mengi, lakini siku hiyo kukatika kwa umeme kuliiokoa kampuni hiyo.

Vifaa tofauti

Chukua mfano wa kawaida. Dell PowerEdge R730 yenye kidhibiti cha RAID (kadi inayosimamia diski kadhaa kwa pamoja) cha PERC H730 imeungua ubao mama. Iliyopo stoo, au iliyopatikana haraka kwa muuza vifaa vilivyotumika, ni HPE ProLiant DL380 Gen10 yenye Smart Array P408i. Kwenye R730, Linux ilikuwa ikiziona diski kupitia moduli ya `megaraid_sas`. Kwenye HPE inahitaji `smartpqi`. Red Hat na jamaa zake hujenga initramfs (faili dogo la kuanzishia mfumo, huitwa pia initrd) yenye moduli za mashine iliyopo tu ili iwe nyepesi. Basi ukimimina picha ya diski kama ilivyo, GRUB (kianzishi cha mfumo) itatokea, kernel (kiini cha mfumo) itaanza, kisha utakodolea macho skrini iliyotulia dakika kadhaa, na mwisho utaachwa kwenye `dracut:/#` ukiambiwa mzizi wa mfumo haupatikani. Data yote imo humo, haijapungua hata biti moja. Kilichokosekana ni draiva ya kuifikia. Windows hufanya kisa hicho hicho kwa namna yake: skrini ya bluu, maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, inazima, inawaka, inarudia.

Kwa walio Ulaya wenye mkataba wa kuletewa kipuri ndani ya saa nne, hili ni tatizo la nadra. Kwa seva iliyopo Dodoma, Bukavu au Garissa ni jambo la kutegemea, kwa sababu pacha wa mashine iliyokufa hapatikani dukani kesho yake. Kwa hiyo programu isiyoweza kuhamia kwenye vifaa vya aina nyingine mimi naihesabu kama bakapu ya daraja la pili, hata iwe na sura nzuri kiasi gani.

Veeam Agent

Unapotengeneza diski yake ya uokoaji kwenye Windows, Veeam Agent hukusanya draiva za mashine uliyopo, na unaweza kuiongezea nyingine. Ukifika kwenye mashine ngeni na diski hazionekani, unachomeka flashi yenye draiva ya kidhibiti, unaipakia humo humo, diski zinatokea, na draiva hiyo inaingizwa pia ndani ya Windows inayorejeshwa. Fundi asiyejua kabisa mambo ya ndani ya Windows anaweza kuifuata hatua kwa hatua kwa simu, na hilo si dogo wakati wewe uko safarini.

Toleo la bure lipo na linafanya kazi kwenye seva pia. Mipaka yake ni kwamba unapata kazi moja tu ya bakapu kwa mashine, na halishughulikii kumbukumbu za miamala za SQL Server, kwa hiyo hifadhidata kubwa yenye shughuli nyingi itakudai leseni. Ukiiunganisha na Veeam Backup & Replication (toleo la Community ni bure hadi mashine 10) unapata kitu ambacho kwangu kinazidi hata ule urejeshaji wenyewe: seva ya chuma iliyokufa unaweza kuiwasha kama mashine pepe (kompyuta ya programu tu ndani ya kompyuta nyingine) ndani ya VMware au Hyper-V moja kwa moja kutoka kwenye faili la bakapu, watu wakaendelea na kazi huku unahangaika na vipuri.

Upande wa Linux haina raha hiyo hiyo. Inategemea moduli yake ya kernel, na kernel mpya ikitoka kabla Veeam hawajaiunga mkono, bakapu inasimama. Diski yake ya kawaida ya uokoaji nayo huja na kernel yake, ambayo huenda isizione kadi zako za mtandao. Dawa ni kutengeneza ISO iliyopachikwa kernel ya seva yako, na hiyo hutengenezwa seva ikiwa hai.

Acronis

Jina la kipengele chake ni Universal Restore, na kwa kuhamisha mfumo kutoka chuma kimoja kwenda kingine sijaona kilicho laini kuliko hicho. Kwa Windows hubadilisha draiva za diski na tabaka la chini linaloongea na vifaa. Kwa Linux hujenga upya initrd, yaani lile tatizo la `dracut:/#` linatatuliwa kabla hujaliona. Pia huweza kuitoa Windows ya biti 64 kwenye mashine inayowaka kwa BIOS ya zamani na kuiweka kwenye mashine inayowaka kwa UEFI, mfumo mpya zaidi. Wenye seva za mwaka 2012 zinazoendesha programu ambayo mtengenezaji wake alishafunga duka wanajua thamani ya hilo.

Kinachonikera ni jinsi inavyouzwa. Unalipia kila seva kwa mwaka, na ndani ya kifurushi umewekewa kinga ya virusi, usimamizi wa viraka na mengine ambayo pengine tayari unayo kwingine. Muulize muuzaji swali moja mapema: leseni ikiisha siku tatu kabla ya ajali, diski ya uokoaji itafungua bakapu zangu au haitafungua? Jibu alitoe kwa maandishi.

Relax-and-Recover

Wengi huiita ReaR. Ni mkusanyiko wa skripti za bash ulioanza mwaka 2006 mikononi mwa Schlomo Schapiro na Gratien D'haese, ni ya bure chini ya leseni ya GPL, na imo kwenye hazina za vifurushi za Red Hat, SUSE, Debian na Ubuntu. Haina dirisha. Kusetiwa kwake, kwa mahitaji ya kawaida, ni mistari hii mitatu ndani ya `/etc/rear/local.conf`:

```
OUTPUT=ISO
BACKUP=NETFS
BACKUP_URL=nfs://192.168.10.5/bakapu
```

Kisha unaandika `rear mkbackup`. Inasoma mpangilio wa diski, LVM (mgawanyo wa diski wa Linux), RAID ya programu, mafaili ya mfumo na kadi za mtandao, inaandika ramani hiyo, inatengeneza ISO yenye kernel ya seva yako wewe pamoja na draiva zake, na inamimina mafaili kwenye `backup.tar.gz` huko kwenye NFS (folda ya mtandaoni). Siku ya siku unawasha mashine ngeni kwa ISO hiyo na kuandika `rear recover`. Ikikuta diski ni za ukubwa au majina tofauti, haikatai wala haibahatishi, bali inakuuliza: `sda` ya zamani iwe diski ipi ya sasa? Kadi ya mtandao yenye namba ya MAC ile ichukuliwe na ipi? Kisha inajenga upya initrd na kusimika GRUB.

Uzuri mkubwa ni kwamba inarejesha mafaili badala ya vipande vya diski. Ukihitaji kushusha seva yenye diski ya TB 4 iliyotumika robo tu kwenye diski ya TB 2, unafungua `disklayout.conf` kwa kihariri cha maandishi na kupunguza patisheni. Jaribu kufanya hivyo kwa Clonezilla, inayonakili diski nzima, uone.

Ubaya? Windows haiijui. Na tar, zana inayofunga mafaili hayo, ikinakili hifadhidata ya PostgreSQL au MySQL ikiwa inaandikwa, inakupa hifadhidata iliyokatwa katikati ya sentensi. Hifadhidata ichukulie bakapu yake kwa `pg_dump` au `mysqldump`, ReaR ibebe mfumo. Tena haina ratiba, haina kufuta nakala za zamani kwa akili, haina barua pepe ya kukuambia jana usiku kulikwama. Hayo ni ya kuandika mwenyewe kwa cron, kipanga ratiba cha Linux. Kama ofisini hakuna mtu wa Linux, yote niliyoisifia hayana maana kwenu. Kama tayari mna programu nyingine ya bakapu kama Bareos, NetBackup au Commvault, ReaR inaweza kujenga mashine tu na kuiachia programu hiyo imimine mafaili.

Windows Server Backup na Clonezilla

Ya kwanza imo ndani ya Windows Server tangu 2008 na haigharimu senti. Amri ni `wbadmin start backup -backupTarget:E: -allCritical -quiet`, na kurejesha ni kwa diski ya kusimikia Windows, sehemu ya ukarabati. Kwenye mashine ile ile au inayofanana inafanya kazi vizuri tu. Kwenye vifaa tofauti ni kamari, na diski mpya lazima iwe na ukubwa usiopungua wa ile ya zamani. Mtego ambao watu hawausomi ni huu: ukiielekeza kwenye folda ya mtandaoni, inabaki nakala moja tu, kila mpya inafuta iliyotangulia. Virusi vikiingia Jumatatu na bakapu ikapita usiku, Jumanne huna nakala safi.

Clonezilla, kutoka kituo cha NCHC cha Taiwan, ni bingwa wa maabara za kompyuta na vyuo: picha moja, mashine arobaini kwa mkupuo. Kwa seva ina kasoro ambazo haifichi. Seva lazima izimwe ndipo inakiliwe, hakuna bakapu ya mabadiliko tu, na diski ya kupokea isiwe ndogo. Naitumia kabla ya kazi ya hatari, mfano kubadili toleo la mfumo endeshi, halafu naiweka pembeni.

NetBackup na Commvault ni za wenye mamia ya seva na timu ya bakapu peke yake. NetBackup, kwa mfano, hutaka seva maalumu ya kuwashia mashine tupu, yenye mti wa mafaili wa kila familia ya mfumo endeshi. Kama unasoma hapa ukiwa na seva kumi na mbili, ruka.

| | Windows | Linux | Seva ikiwa kazini | Vifaa tofauti | Gharama |
|---|---|---|---|---|---|
| Veeam Agent | nzuri sana | ya wastani | ndiyo | ndiyo, kwa kuongeza draiva | bure au leseni |
| Acronis | nzuri sana | nzuri | ndiyo | ndiyo, hata BIOS kwenda UEFI | kila mwaka, kila seva |
| ReaR | hapana | nzuri sana | ndiyo, hifadhidata kando | ndiyo, kwa maswali | bure |
| Windows Server Backup | ya wastani | hapana | ndiyo | kamari | imo ndani |
| Clonezilla | inafanya | inafanya | hapana | hapana, mpaka urekebishe mwenyewe | bure |

Bakapu ikae wapi

Wauzaji wa wingu hawapendi hesabu hii. Seva ya TB 2 kupitia mtandao wa ndani wa Gbps 1, ukipata MB 110 kwa sekunde, inarudi kwa saa tano hivi. Seva hiyo hiyo ikirudi kutoka kwenye wingu kwa laini ya Mbps 100 iliyonyooka bila kuyumba inataka saa 44. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusukuma, saa 44 ingekuwa ndoto. Wingu liwe na nakala ya pili, ya kujikinga na moto na wizi. Moto si wa kubuni: tarehe 10 Machi 2021 jengo la SBG2 la OVHcloud liliteketea huko Strasbourg, na baadhi ya wateja waliokuwa wameweka seva na bakapu pamoja walipoteza vyote. Nakala ya kwanza, ya kurejeshea, ikae karibu.

Lakini karibu isiwe mahali ambapo seva yenyewe inaweza kufuta. Ile folda ya NFS ya ReaR na ile diski ya E: ya `wbadmin` zinaandikika na seva, kwa hiyo aliyeiteka seva anazifuta kwa amri moja. Veeam wana hazina yao ya Linux iliyofungwa, ambamo faili likishaandikwa halifutiki mpaka muda uliowekwa upite. Kwa ReaR unaweza kukaribia hapo kwa kuifanya hazina ije kuchukua nakala yenyewe na kuihamishia sehemu ambayo seva haina ruhusa nayo, au kupiga picha za ZFS (mfumo wa mafaili unaohifadhi hali ya diski ya wakati fulani) kila usiku upande wa hazina. Ni kazi ya nusu siku kuiseti.

Mambo ambayo hakuna programu itakufanyia

BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows): picha iliyochukuliwa diski ikiwa imefunguliwa hurejea bila usimbaji, hivyo unapaswa kuuwasha upya. Funguo zisikae ndani ya Active Directory peke yake. Julai 2024, hitilafu ya programu ya usalama ya CrowdStrike ilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kulikuwa na mafundi waliohitaji funguo zilizokuwa ndani ya seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka.

Leseni: Windows ya OEM imefungwa kwenye mashine iliyokuja nayo, kuihamishia kwenye HPE kunaleta swali la uhalali hata kama itawaka. Zipo pia programu za uhasibu na mishahara zinazofunga leseni kwenye namba ya kadi ya mtandao au ya diski. Mfumo utarudi wote, mshahara usitoke.

Active Directory: rejesha seva ya kikoa kwa programu inayotumia VSS, huduma ya Windows ya kunakili mfumo ukiwa kazini. Picha ya Clonezilla ya seva ya kikoa, ikirudishwa huku nyingine ziko hai, huleta mgongano wa namba za mabadiliko, na kuusafisha ni kazi chafu. Na nakala iliyopita siku 180, kwa mpangilio wa kawaida, usiiguse.

Ningechagua nini

Ofisi yenye seva za Windows tatu hadi kumi na fundi mmoja: Veeam, toleo la Community, na hazina iliyofungwa kwenye kompyuta yoyote yenye diski za kutosha. Ukiwa na SQL Server yenye miamala ya siku nzima, ulizia kwanza leseni inayohitajika kwa seva hiyo. Ukiwa na mashine za kale za BIOS zinazopaswa kuhamia kwenye chuma kipya, lipia Acronis kwa mwaka mmoja wa uhamisho, halafu amua upya. Seva za Linux, hata ziwe nyingi: ReaR, pamoja na bakapu ya hifadhidata kando. Mchanganyiko wa Windows na Linux haunilazimishi kuwa na programu moja kwa zote; mbili zinazofanya kazi zinanitosha, ingawa wakaguzi hupenda ripoti moja. Windows Server Backup iache iendelee kwenye diski ya USB kama nakala ya akiba, haikuli kitu.

Kabla ya kusaini chochote, mpe muuzaji seva yako ya majaribio asubuhi, na mashine ngeni kabisa, yenye kidhibiti kingine cha RAID, ya kurejeshea. Aje na flashi yake. Wewe kaa pembeni na saa, na usimsaidie kutafuta draiva.